Gitaa langu linalia kama kopo: nifunge nyuzi gani nipate sauti ya zilipendwa?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mpiga gitaa la solo, nina miaka 28, nakaa Temeke, Dar es Salaam. Bendi yetu ina watu tisa, na kila Ijumaa na Jumapili tunapiga zilipendwa kwenye baa moja huku Mbagala. Wateja wetu wengi ni watu wazima, wanajua kila solo ilipoingia na ilipotoka. Hapo ndipo balaa langu linapoanzia.

Gitaa langu ni la umeme, kopi ya Stratocaster ya Fender, la Kichina, lakini si baya. Siku zote nilikuwa nafunga nyuzi namba 9 (namba ni unene wa uzi wa kwanza, kwa maelfu ya inchi), ndizo nilizojifunzia kanisani. Mwezi wa tatu, tukiwa katikati ya wimbo, mzee mmoja wa meza ya mbele akanyoosha mkono, akasema kwa sauti: "Dogo, hilo ni gitaa au kopo la maziwa?" Baa nzima ikacheka. Mpiga dramu wetu mpaka leo ananiita Kopo.

Nikaingia YouTube. Jamaa mmoja wa Marekani akasema ukitaka sauti ya zamani funga nyuzi flati, hakuna mjadala. Nikamwomba binamu yangu aliyeko Dubai aninunulie. Alikuja na seti ya flati namba 12, imenitoka laki moja kasoro kidogo. Kufunga tu, shingo ikapinda, briji, kile kidaraja kinachoshika nyuzi, ikanyanyuka nyuma kama boneti ya gari bovu. Uzi wa tatu ni mnene, haukai vizuri kwenye mfereji wake, kila nikitaka kutuni unalia "kwi" halafu unaruka. Na sauti yenyewe ni puu, puu, puu. Ijumaa ile wazee hawakusema kopo. Walisema hawanisikii kabisa. Matarumbeta yakiingia, mimi ndiyo basi tena.

Anko wangu alipiga rithim kwenye bendi ya kiwanda miaka ya 80. Alilishika gitaa, akapiga kodi mbili, akanirudishia. "Umefunga nyaya za umeme." Nikamuuliza wao walikuwa wanafunga nini. Akasema, "Chochote kilichokuja. Zikichoka, tunachemsha." Kisha akaomba chai.

Sasa Mzee, naomba unisaidie. Nitafute zile za nikeli ambazo kila mtu anazisifia? Nivumilie flati mpaka zilainike? Au nifunge namba 10 kama watu wengine nitulie? Na huo uzi wa tatu, uwe uliovikwa waya au mtupu? Hela ya kubahatisha sina tena.

Kopo, Temeke

*

Marahaba, mwanangu Kopo.

Mzee wa meza ya mbele ana masikio, usimchukie. Na anko wako ameshakujibu, ila kwa lugha ya wapiga rithim: maneno mawili, halafu chai.

Tumalizane kwanza na jamaa wa YouTube. Hakukudanganya, alikuwa anasimulia ya kwao. Marekani miaka ya 1950 flati zilikuwa za kawaida kwenye gitaa za umeme, na wapiga jazi wa huko hawajaziacha mpaka leo. Uzi wa flati umevikwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo. Kidole kinateleza bila mkwaruzo, na ile milio mikali ya juu inazimika mapema. Ni nyuzi nzuri mno kwa mtu anayepiga kodi taratibu kwenye ukumbi wenye zulia. Wewe unapiga solo juu ya rithim, second solo (lile gitaa la kati ya solo na rithim), besi, tumba na matarumbeta, uwanjani, Mbagala, bajaji zinapita. Solo ya dansi lazima itoboe. Msikilize Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au Michael Enoch kule Mlimani Park: kila noti unaisikia inavyoanza na inavyoisha. Na nyuma yao wote yuko Dr Nico, Nicolas Kasanda wa Kinshasa, ambaye wapiga solo wa huku walimwiga usiku na mchana. Gitaa lake linadondoka kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Hakuna "puu" hapo. Kwa hiyo flati vua, tena leo. Zikunje vizuri uziweke, nitazirudia.

Kosa la namba 9 ni lingine kabisa. Uzi mwembamba una chuma kidogo kinachocheza mbele ya sumaku ya pikapu, kile kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi, kwa hiyo sauti yake inatoka na kelele nyingi za juu na mwili mdogo. Tena ukiupiga kwa nguvu, sauti inapanda kidogo kabla haijatulia. Na sisi wa dansi tunapiga kwa nguvu, hatubembelezi. Hilo ndilo kopo alilosikia mzee. Ungekuwa unavuta nyuzi kama wapiga roki, namba 9 ingekusaidia. Lakini solo zetu zinakimbia, zinapanda ngazi noti mbili mbili kwa pamoja. Kuvuta uzi ni chumvi tu, unatia pale unapotaka. Unalipa gharama ya wembamba kwa kitu usichokitumia.

Sasa nikeli. Hapa ndipo vijana wengi wanapoibiwa mchana kweupe, nataka usome polepole.

Zamani, miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya 1960, nyuzi nene za gitaa la umeme zilikuwa na moyo wa chuma uliovikwa waya wa nikeli halisi. Baadaye nikeli ikapanda bei, viwanda vikahamia kwenye waya wa chuma uliopakwa nikeli juu juu tu. Chuma kinaitikia sumaku kuliko nikeli, kwa hiyo nyuzi hizi mpya zina sauti kubwa na kali zaidi. Za nikeli halisi ni za upole, kati kati pamejaa, juu pametulia. Mpaka hapo sifa zote unazozisikia ni za kweli.

Lakini chukua seti yoyote ya kisasa ya namba 10, hata ile ya bei mbaya iliyoandikwa "nikeli halisi" kwa wino wa dhahabu. Zitandaze mezani. Uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu ni mitupu: ni chuma kilichopakwa bati, kilekile kilichomo kwenye seti ya bei ya chini. Nikeli iko kwenye wa nne, wa tano na wa sita peke yake. Wewe mpiga solo, mkono wako unaishi wapi jioni nzima? Juu, kwenye zile tatu. Utalipia nikeli halafu atakayeifaidi ni mpiga rithim akiazima gitaa lako.

Ndiyo maana swali lako la mwisho, lile ulilolitupia pembeni kama nyongeza, ndilo swali lenyewe. Uzi wa tatu.

Seti za kawaida za gitaa la umeme miaka ile zilikuwa nene, 12 kwa 52 au karibu na hapo, na uzi wa tatu ulikuwa umevikwa waya kama wenzake wa chini. Wapiga gitaa waliotaka kuvuta nyuzi walikuwa wanahangaika: wanafunga uzi wa banjo pale kwenye wa kwanza, wa kwanza wanausogeza kuwa wa pili, na kuendelea hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ernie Ball, aliyekuwa na duka la gitaa California, akaanza kuuza seti nyembamba zilizopangwa tayari, uzi wa tatu ukiwa mtupu. Roki ikazichukua, dunia nzima ikafuata, na leo ukisema "nipe nyuzi" dukani Kariakoo unapewa mtindo huo bila kuulizwa.

Uzi wa tatu mtupu una tabia yake. Ni mnene kuliko mitupu wenzake, unapiga ukelele, na sauti yake haifanani na ya jirani yake wa nne. Ukiteremka solo kutoka wa kwanza hadi wa nne, utasikia watu wawili wanaongea: wa juu ana mafua, wa chini ana kifua. Uliovikwa unaunganisha njia. Sauti inashuka kama ngazi moja, na ile milio ya noti mbili mbili inakaa pamoja bila mmoja kumzidi mwenzake. Mimi kwangu hiyo ndiyo nusu ya kitu watu wanachokiita sauti ya zamani, na hakuna anayekiuza kwa jina hilo.

Na kwenye gitaa lako wewe kuna sababu ya pili. Geuza gitaa, lete macho karibu na pikapu, tazama vile vichwa sita vya sumaku. Kama kopi yako imefuata Stratocaster za zamani, havitalingana: cha uzi wa tatu kimechomoza, cha uzi wa pili kimezama. Hawakukosea. Walipoitengeneza mwaka 1954 walitegemea uzi wa tatu uliovikwa, ambao sauti yake ni ndogo, wakauinulia sumaku. Ukifunga mtupu pale, unapiga kelele kuliko wote. Wengine wanachukua nyundo wakizamishe kile kichwa. Tafadhali usithubutu, waya wa koili ni mwembamba kama unywele na ukikatika pikapu imekwenda. Funga uzi ambao sumaku ile inausubiri, mambo yatakaa yenyewe. Kama vichwa vyako vyote vimelingana, si tatizo: teremsha pikapu kidogo upande wa nyuzi nene, ujazo utakaa sawa.

Kwa hiyo dukani, au kwa binamu wa Dubai, omba hivi: seti ya namba 11, ya waya wa mviringo, yenye uzi wa tatu uliovikwa. Zipo, D'Addario wanazo na wengine wanazo. Ukikuta ya nikeli halisi kwa bei isiyokuumiza, chukua, sasa nikeli itafika mpaka kwenye uzi wa tatu na utaisikia. Ukikuta ya chuma kilichopakwa, chukua pia bila kinyongo. Nyimbo nyingi mnazopiga ni za miaka ya 1970 na 80, wakati ambao viwanda vingi vilikuwa vimeshahamia huko. Ukiikosa seti kamili usikate tamaa: nunua ya 11 ya kawaida, halafu tafuta uzi mmoja uliovikwa wa 20 au 22 uuweke pale kwenye wa tatu. Nunua pakiti iliyozibwa. Nilishawahi kununua seti ya bahasha ya karatasi kwenye duka moja karibu na bahari, nikafungua nyumbani uzi wa kwanza una kutu kabla haujaona gitaa. Mitupu ndiyo inayoanza kutu siku zote.

Kufunga nako kuna kazi, na nadhani nusu ya chuki yako kwa flati ilitokana na gitaa ambalo halikuandaliwa. Seti ya namba 9 inavuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 39. Ya namba 11 inafika kama kilo 54. Hizo ni kilo 15 umeongeza, mfuko wa mchele unaning'inia kwenye shingo. Fungua mfuniko wa nyuma, kaza zile skrubu mbili zinazoshika springi, nusu mzunguko kila upande, tuni, tazama, rudia mpaka briji ilale mahali pake. Shingo ikiwa imepinda mbele, kaza chuma cha ndani robo mzunguko, uache usiku kucha, kesho yake ndipo uamue kama inahitaji tena. Kama hujawahi, mpe fundi.

Hiyo "kwi" yako ni uzi unabanwa kwenye kile kipande cheupe kule juu, karibu na funguo. Mfereji ulichongwa kwa uzi wa 16, wewe umepitisha uliovikwa wa 20 na kitu. Fundi apanue kwa tupa nyembamba, apanue upana tu, asichimbe chini, la sivyo uzi utagonga freti ya kwanza. Kisha chora ndani ya mfereji kwa penseli ya kawaida ya shule, ule unga mweusi unatelezesha kuliko mafuta. Halafu linganisha: piga mlio wa kengele pale freti ya 12 kwa kugusa tu, kisha bonyeza palepale. Kwenye uzi wa tatu mpya utakuta noti ya kubonyeza iko chini kidogo. Sogeza kitako chake pale kwenye briji mbele, kuelekea shingoni, milimita moja au mbili. Mtu akiruka hatua hii atasema nyuzi mbovu.

Usifunge siku ya Ijumaa. Funga Jumatatu, fanyia mazoezi wiki nzima, mpaka ule mng'ao wa dukani upungue. Nyuzi zilizotulia ni tamu, lakini usizingoje mpaka zife, maana zilizokufa hazitunii, hasa kwenye joto letu hili na jasho lenye chumvi. Pitisha ukucha chini ya uzi pale juu ya freti: ukihisi vishimo, siku zake zimekwisha. Na kila ukishuka jukwaani, zifute na kipande cha kanga kikuukuu, mbele na nyuma.

Kuhusu anko wako. Bendi nyingi za wakati wake zilikuwa mali ya mwajiri: JUWATA Jazz (zamani NUTA Jazz) ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Bima Lee ya shirika la bima, viwanda navyo vilikuwa na zao. Gitaa la shirika, nyuzi za shirika, na fedha za kigeni zilipokauka miaka ya 80 seti mpya ilikuwa habari ya mjini. Nimeona kwa macho yangu uzi wa kwanza uliokatikia kwenye briji ukavuliwa, ule mkia uliobaki ukafungwa upya kwenye kile kishanga chake, dansi likaendelea. Kuchemsha nako ni kweli: maji yanatoa mafuta na uchafu uliojibana katikati ya waya, mlio unarudi kwa siku chache, kisha unakufa tena. Wapiga besi ndio walikuwa na sababu, seti yao ni ghali. Wewe usichemshe, na flati hasa usizichemshe.

Wakongo nao walikuwa na ujanja wao ambao napenda mpiga second solo wenu aujaribu siku moja: wanautoa uzi wa nne, wanaweka mwembamba kama wa kwanza na kuutuni oktava moja juu. Wanaiita mi-composé. Kodi ileile inatoka imemeremeta kama gitaa mbili. Ila asijaribu kwenye gitaa lako.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna uzi utakaokupa. Wale wazee waliisikia hiyo sauti redioni. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi nyingi, na masafa ya kati yanakata karibu kila kitu kilicho juu ya herzi 5,000 hivi, halafu spika ndogo ya redio ya mbao inakula na chini. Kilichobaki ni katikati. Kwa hiyo jukwaani, punguza kitufe cha toni kwenye gitaa kutoka 10 hadi 7 hivi, kwenye ampli punguza besi kabla hujagusa kitu kingine, ongeza kati, tia mwangwi kidogo, tumia pikapu ya katikati. Jaribu hayo hata leo na nyuzi mbovu ulizonazo, hayakugharimu shilingi.

Zile flati mpelekee anko. Ametaniwa vya kutosha na maisha, na kwa rithim ya nyumbani, jioni, mlangoni, na chai yake, zitamfaa kuliko anavyokubali. Ila mwambie kwanza zimegharimu shilingi ngapi, ili asizitie sufuriani.